Kiti cha Mwakilishi Aliyeitwa Vitani: Uchambuzi wa Kisa Kutoka Bunge la Texas

Kisa hiki kinamhusu mwanasiasa wa ngazi ya jimbo nchini Marekani. Alikuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Texas kuanzia 1999 hadi mwanzoni mwa 2009, na katika miaka hiyo hiyo alikuwa afisa wa Gadi ya Taifa, yaani jeshi la akiba la majimbo ya Marekani, akafikia cheo cha Luteni Kanali. Mwaka 2004 aliitwa kwenda Afghanistan. Kiti chake hakikubaki wazi, wala hakikuitishiwa uchaguzi mdogo. Mkewe ndiye aliyekikalia, kwa mujibu wa kifungu cha katiba ambacho wananchi walikuwa wamekipitisha mwaka mmoja tu kabla.

Nimeondoa majina, chama, mji na eneo la uchaguzi. Matukio na tarehe vimo katika kumbukumbu za umma. Kinachonivuta ni swali ambalo halina mipaka ya nchi: raia akishamchagua mtu, kisha dola ikamwita mtu huyo kwenye kazi asiyoweza kuikataa, nani anabaki kumpigia raia kura bungeni? Texas ilijibu, na jibu lake lilifanya kazi. Hata hivyo lina tundu ambalo wengi wanaolisifu hawaligusi.

Usuli

Bunge la Texas lina wawakilishi 150 na maseneta 31. Mkutano wake wa kawaida hufanyika mara moja kila baada ya miaka miwili: huanza Jumanne ya pili ya Januari katika mwaka witiri na hauruhusiwi kuvuka siku 140. Mshahara wa mjumbe ni dola 600 kwa mwezi, pamoja na posho ya siku za vikao. Hakuna anayelisha familia kwa fedha hiyo. Kwa hiyo wajumbe wengi wana shughuli nyingine ya kuwaweka mjini: mawakili, wafugaji, mawakala wa bima, waajiriwa wa makampuni.

Katika maisha ya namna hiyo, uaskari wa akiba unaingia bila tabu. Askari wa Gadi ya Taifa kwa kawaida hufanya mazoezi mwisho wa wiki moja kila mwezi na wiki mbili kila mwaka. Katiba ya Texas inakataza mtu mmoja kushika ofisi mbili za umma zenye malipo kwa wakati mmoja, lakini imewatoa askari wa Gadi katika katazo hilo. Kwa miaka mingi hapakuwa na mgongano wowote wa kusemea. Baada ya Septemba 2001 hali ikabadilika. Vikosi vya Gadi vikaanza kupelekwa Afghanistan na Iraq, na mtu aliyezoea kuaga nyumbani Ijumaa na kurudi Jumapili akajikuta anaaga kwa mwaka mzima.

Jambo moja linahitaji kueleweka mapema, maana litarudi baadaye. Gadi ina makamanda wawili. Ikiwa katika kazi za jimbo, amiri jeshi wake ni gavana. Ikiitwa katika utumishi wa taifa, amri zinatoka kwa Rais.

Msomaji wa Tanzania atashangaa kidogo hapa, na ana haki. Kwetu, tangu vyama vingi virudi 1992, askari haruhusiwi kuwa mwanachama wa chama cha siasa. Jakaya Kikwete alivua sare mwaka huo huo akiwa Luteni Kanali ili abaki kwenye siasa. Uganda nayo imeliweka jeshi lenyewe bungeni kwa viti kumi vya wawakilishi wake. Texas haifuati njia yoyote kati ya hizo mbili. Askari wa akiba anagombea kama raia yeyote, kwa chama chake, na sare anaiacha kabatini hadi siku ya mazoezi.

Kilichokosekana ni kanuni ya kumhusu mjumbe anapoitwa jeshini kwa muda mrefu. Tarehe 13 Septemba 2003 wapiga kura wa Texas waliletewa marekebisho 22 ya katiba kwa mpigo. Mjadala mkubwa ulikuwa juu ya kuweka ukomo wa fidia katika kesi dhidi ya madaktari. Pendekezo la mwisho kabisa, la 22, lilihusu maafisa wa umma wanaoitwa jeshini. Yote 22 yalipita.

Kifungu hicho kinasema hivi kwa ufupi. Afisa wa umma anayeitwa katika utumishi wa kijeshi hapotezi ofisi yake. Akitarajiwa kuwa jeshini kwa zaidi ya siku 30, anaweza kuwekwa mtu wa kukaimu. Kwa maafisa wengine, anayeteua kaimu ni yule yule ambaye kwa kawaida hujaza nafasi ikiwa wazi. Kwa mjumbe wa Bunge, anayeteua ni mjumbe mwenyewe, na uteuzi wake lazima ukubaliwe kwa kura nyingi za baraza analokaa. Kaimu awe wa chama kile kile na awe na sifa zote za kugombea kiti hicho, ikiwamo ukaazi katika eneo la uchaguzi. Anapata mamlaka yote, majukumu yote na malipo ya ofisi. Anaanza kazi tarehe ambayo mwenye kiti ameitaja kwa maandishi kuwa ndiyo siku ya kuingia jeshini, na anaondoka mwenye kiti akirudi au muhula ukiisha, lolote litakalotangulia.

Mlolongo wa matukio

Mwakilishi wetu aliitwa mwaka 2004. Kazi aliyopangiwa Afghanistan ilikuwa kufundisha askari wa jeshi jipya la nchi hiyo. Uchaguzi wa Novemba 2004 ukamrudisha kitini kwa muhula mwingine wa miaka miwili, ilhali ilijulikana kuwa Januari hatakuwapo Austin, mji mkuu wa Texas, Bunge linakokutana.

Mkutano wa 79 wa Bunge ulifunguliwa tarehe 11 Januari 2005. Jina alilolipeleka ni la mkewe, mtu aliyetumikia elimu kwa miaka mingi, mwenyeji wa eneo hilo hilo. Baraza, ambalo wengi wake walikuwa wa chama kingine, lilimkubali, akawa kaimu mwakilishi.

Hakukuta mkutano mwepesi. Suala lililotawala lilikuwa fedha za shule: jimbo liliegemea mno kodi ya majengo na ardhi, na kesi ya wilaya za shule ilikuwa mahakamani. Siku 140 ziliisha tarehe 30 Mei bila mwafaka. Gavana akaitisha mikutano maalumu miwili mfululizo kiangazi hicho, nayo ikaisha mikono mitupu. Mwezi Novemba Mahakama Kuu ya Texas iliamua kwamba mfumo wa kodi uliokuwapo unakiuka katiba, na suluhisho likapatikana masika ya 2006.

Mwakilishi alirudi 2005. Mwishoni mwa Agosti kimbunga Katrina kikaipiga Louisiana, na maelfu ya watu kutoka New Orleans wakamiminika Texas. Meya wa mji wake alimkabidhi usimamizi wa ukumbi mkubwa wa mikutano uliogeuzwa kuwa makazi ya muda ya waliohama. Mwaka uliofuata, Rais alipotangaza kupeleka hadi askari 6,000 wa Gadi kwenye mpaka wa Mexico, alipewa kuongoza sekta moja ya mpaka upande wa Texas.

Mwaka 2008 aligombea useneta wa taifa. Alishinda kura za mchujo ndani ya chama, akashindwa Novemba kwa takriban asilimia 55 kwa 43. Sheria ya Texas haimruhusu mtu kugombea ofisi mbili kwa wakati mmoja, isipokuwa anayewania urais au umakamu wa rais, kwa hiyo kiti cha jimbo alishakiacha. Muhula wake ukaisha Januari 2009.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutojiuzulu. Zilikuwapo njia nyingine tatu, na kila moja ilikuwa na gharama yake.

Angeweza kuacha kiti kitupu. Wako wanaodhani kiti kitupu hakimdhuru mtu, na hapo wanakosea. Akidi katika Bunge la Texas ni theluthi mbili ya wajumbe wote, yaani 100 kati ya 150, tofauti na mabunge mengi yanayoridhika na nusu. Mei 2003 zaidi ya wawakilishi 50 wa upinzani walitorokea Ardmore, Oklahoma, kusudi akidi isitimie, na muswada wa kuchora upya mipaka ya uchaguzi ukafa safari hiyo. Kwa hesabu hiyo, asiyekuwapo ukumbini naye ameshiriki, apende asipende.

Angeweza kujiuzulu ili uchaguzi mdogo uitishwe. Wapiga kura wangepata mtu waliyemchagua wenyewe, jambo jema. Lakini askari angepoteza kazi ya kiraia kwa sababu ya kutii amri halali, na ujumbe kwa wengine ungekuwa wazi: ukitaka siasa, usijiunge na Gadi.

Njia ya tatu, kupiga kura akiwa mbali, haikuwa njia hata kidogo. Kanuni zinamtaka mjumbe awepo ukumbini. Zaidi ya hapo, sheria ya shirikisho inamzuia afisa wa akiba aliyeitwa kwa zaidi ya siku 270 kutekeleza kazi za ofisi ya kiraia ya jimbo akiwa katika utumishi huo, isipokuwa sheria iruhusu vinginevyo. Cheo cha uwakilishi angeweza kubaki nacho, ila asingeweza kukifanyia kazi.

Uamuzi wa pili ulikuwa nani wa kukaimu, na hapa ndipo kisa kinaponoga. Watu wengi wakisikia kwamba mume aliondoka akamwachia mke kiti, wanaona upendeleo wa kifamilia na kufunga mjadala. Tuangalie kwanza sheria ilimwekea nini mezani. Kaimu lazima awe wa chama chake. Lazima awe mkaazi wa eneo lake. Lazima awe tayari kuacha kazi yake kwa miezi mitano au zaidi kwa malipo ya dola 600 kwa mwezi. Na juu ya yote, lazima awe mtu atakayekirudisha kiti bila ugomvi. Mihula ni ya miaka miwili, na kura za mchujo za 2006 zilipangwa kufanyika Machi. Mwanasiasa kijana wa chama hicho hicho, akishakaa kitini mkutano mzima, akajulikana, akapeleka miswada yenye jina lake, ana kila sababu ya kuchukua fomu. Ukimwondoa kila mwenye tamaa ya halali ya kupanda, na kila asiye na nafasi ya kuhamia Austin kwa miezi mitano, wanabaki wachache sana. Mwenzi wa ndoa yumo karibu na juu ya orodha hiyo.

Ushahidi kwamba ni sheria iliyosukuma upande huo, zaidi ya tabia ya mtu mmoja, ulikuja mwaka uliofuata. Wawakilishi wengine wawili wa Texas, wa chama tofauti na chake, waliitwa jeshini. Nao waliteua wake zao.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa Baraza: kumkubali. Chama chenye wengi kingeweza kuchelewesha, kuweka masharti, kuomba jina jingine. Hakikufanya hivyo, na nakiheshimu kwa hilo. Ukumbi ule ule ulikuwa umetoka kwenye vita vya mipaka miaka miwili tu nyuma, na majeraha bado mabichi.

Matokeo

Eneo la uchaguzi halikupoteza kura hata mkutano mmoja. Hilo si jambo la karatasi tu. Katika ukumbi wa Baraza la Texas kila meza ina mashine ya kupigia kura, na ukutani upo ubao wenye majina ya wajumbe wote. Ukibonyeza ndiyo, taa mbele ya jina inawaka kijani, hapana, nyekundu, nipo lakini sipigi kura, nyeupe. Mei 2005 uliletwa mpango wa majaribio wa kulipia ada za shule binafsi kwa fedha za umma, na Baraza likapiga kura moja baada ya nyingine zilizopishana kwa idadi ndogo mno, hadi muswada ukaanguka. Siku kama ile, jina lisilo na taa lingekuwa na uzito wa jimbo zima. Wazazi wa eneo lile, wapende au wasipende alivyopiga, walikuwa na mtu wa kumpigia simu kesho yake na kumuuliza kwa nini.

Mwakilishi alirudi akakuta kiti chake. Kaimu aliondoka bila mvutano, na mwaka 2007 akachaguliwa diwani wa mji wao kwa kura alizoziomba yeye mwenyewe. Alidumu udiwani hadi mwanzoni mwa 2014, muda mrefu baada ya mumewe kutoka Bungeni.

Kilichofanya kazi

Kilichofanya kazi zaidi ni mgawanyo wa mamlaka uliofichwa katika kifungu. Kwa nini mjumbe ateue mwenyewe wakati maafisa wengine wanateuliwa na mamlaka ya juu? Kwa sababu kiti cha Bunge hakina mteuzi wa kawaida. Kikiwa wazi huitishiwa uchaguzi. Kama gavana angepewa kuteua makaimu, mkuu wa serikali angekuwa anachagua watu wa kumsimamia, tena katika kipindi cha vita ambapo wanaoitwa wanaweza kuwa wengi. Waandishi wa kifungu waliliona hilo wakalikwepa. Sharti la chama nalo lilikuwa kinga nzuri: hakuna aliyeweza kutumia vita kubadilisha uwiano wa kura ukumbini.

Tarehe ya kuanza kukaimu kuandikwa na mwenye kiti ni kipengele kidogo chenye akili. Amri za jeshi husogea mbele na nyuma. Kama tarehe ingewekwa na Spika au na ofisi nyingine, ungezuka mzozo wa siku ambazo watu wawili wanadai kiti kimoja, au siku ambazo hakuna anayekidai.

Na ujuzi wa kijeshi ulimrudia raia. Mtu aliyetoka kupanga mafunzo ya askari katika nchi ya vita alijua jinsi ya kupokea mabasi, kugawa vitanda, kuhesabu vyakula na kutenganisha wagonjwa na wazima. Meya alimpa kazi kwa sababu hiyo. Watu wanapobishana kama mwanasiasa apaswe kuwa askari, ningependa waanze na ukumbi ule wa Septemba 2005, kabla ya kufika kwenye mabango ya kampeni.

Mabango ni habari nyingine. Kampeni ya 2008 ilijenga sehemu kubwa ya hoja yake juu ya utumishi wake wa kijeshi, katika jimbo linaloheshimu sare kuliko mengi. Chama chake kilikuwa hakijashinda uchaguzi wowote wa Texas nzima kwa zaidi ya miaka kumi, na mpinzani wake alikuwa kitini tayari. Heshima kwa askari ni kitu cha kweli pale Texas, ila haikutosha kumtoa mpiga kura kwenye chama chake.

Kilichoshindwa, au kilichoponea

Tukio la mpakani 2006 linapita haraka katika simulizi nyingi za maisha yake. Mimi naona ndilo la hatari zaidi kikatiba. Afghanistan alikuwa chini ya Rais, mbali na Austin. Mpakani, Gadi ililipwa na serikali ya taifa lakini ilibaki chini ya amri ya gavana. Mjumbe wa Bunge, ambaye kazi yake ni kupitisha bajeti ya serikali ya jimbo na kuhoji matumizi yake, alikuwa wakati huo huo mtu wa kupokea amri kutoka kwa mkuu wa serikali hiyo, tena wa chama kingine. Kilichoepusha mgongano ni kalenda: mkutano maalumu wa masika ulikuwa umekwisha na mkutano wa kawaida haukuwa hadi Januari 2007. Kifungu cha 2003 kinazungumzia utumishi katika majeshi ya Marekani. Askari aliye kazini kwa amri ya gavana anaangukia kwenye utata, na mjumbe aliye katika hali hiyo Bunge likiwa linakaa hana jibu la wazi.

Tundu kubwa, hata hivyo, ni ridhaa ya mpiga kura. Nimeeleza kwa nini uteuzi wa mke ulieleweka, na sibadilishi. Lakini kueleweka si sawa na kuridhiwa. Novemba 2004 karatasi ya kura ilikuwa na jina moja. Aliyebonyeza taa kwa mkutano mzima alikuwa mtu mwingine, ambaye jina lake lilipigiwa kura na wajumbe wa maeneo mengine ya Texas, wala si na watu aliokuwa akiwawakilisha. Safari hii bahati ilikuwa njema: kaimu alikuwa na uwezo, na udiwani wake ulithibitisha hilo baadaye. Kifungu chenyewe hakina kinachohakikisha hivyo. Kinampa uamuzi mtu ambaye ana maslahi katika kumchagua kaimu asiye tishio kwake, kisha kinawaachia wenzake kukagua uteuzi ambao kila mmoja wao anaona vibaya kuupinga, maana nani anataka kuonekana anamkwamisha askari aliyeko vitani?

Marekebisho yanayohitajika si makubwa. Mgombea aliye katika Gadi au jeshi la akiba awasilishe jina la kaimu wake siku ile ile anapowasilisha fomu ya kugombea, na jina hilo litangazwe kwa wapiga kura pamoja na lake kabla ya siku ya uchaguzi. Akiitwa, kaimu tayari anajulikana. Asipoitwa, hakuna aliyepoteza kitu. Idhini ya Baraza ibaki kwa ajili ya kuhakiki sifa tu. Na kwa kazi za mpakani na nyinginezo za chini ya gavana, kifungu kitamke waziwazi kwamba mjumbe akiwa kazini kwa amri ya gavana wakati Bunge linakaa, kaimu anaingia tangu siku ya kwanza, bila kungoja siku 30.